Mzabibu Ulioitwa Mkaidi

Likizo iliyopita nilipanda treni kwenda Kigoma na boksi la zabibu mapajani. Nilikuwa nampelekea mjomba wangu. Ninaishi na kufundisha Dodoma, na Dodoma ukikosa zawadi ya kumpelekea mtu, zabibu zipo. Abiria aliyekaa mbele yangu, bwana mmoja mchangamfu, alikuwa akilitazama lile boksi tangu tulipotoka Tabora. Mwishoni uzalendo ukamshinda.

"Dada, unapeleka zabibu Kigoma? Wale watu wa migebuka na mawese, zabibu watazijulia wapi?"

"Mimi nimekulia chini ya mzabibu," nikamwambia. "Ujiji."

Akacheka mpaka akakitua kikombe chake cha chai. "Ujiji! Labda ulikuwa mpera, dada yangu. Zabibu ni Dodoma. Kila mtu anajua hilo."

Sikubishana naye. Lakini kunyamaza si kukubali, na nilichemka moyoni mpaka treni ilipoanza kuteremka kuelekea ziwani. Yule bwana alishuka akiamini ameshinda. Wewe rafiki yangu nakuomba ukae, maana nina neno la kusema na sitalisema kwa sauti ya chini.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, Ujiji ya chini, kule barabara inakochoka na kuwa mchanga na mchanga unakochoka na kuwa ziwa. Mama yangu alikuwa ameolewa Kasulu, akaniacha kwa bibi nisome. Nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali ya udongo, imeezekwa bati lililokwishaota kutu, na mbele yake, badala ya baraza, kulikuwa na kichanja cha mianzi kilichofunikwa na mzabibu. Ukitoka kwenye jua la saa saba ukaingia chini ya kile kichanja, ilikuwa kama mtu amekuwekea kitambaa kibichi usoni. Hapo ndipo tulipomenyea muhogo, tukapepetea mchele, tukasukwa nywele. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, nikisindikizwa na mlio wa injini za boti zinazorudi asubuhi na sauti za akina mama wakianika dagaa ufukweni.

Mzabibu wenyewe bibi aliupata misheni. Alipokuwa msichana alifagia bustani ya mapadri kule juu kilimani, na padri mzee mwenye ndevu ndefu akamkatia kijiti akamwambia kakipande. Alimtajia na jina la zabibu ile kwa lugha ya kwao. Bibi alisema lilisikika kama mtu anayekohoa, na yeye hakuona sababu ya kukumbuka kikohozi cha mtu. Baadaye bustani ya misheni iling'olewa yote ili pajengwe madarasa. Ukabaki wa bibi peke yake. Mzabibu mwingine wa aina yake sikuwahi kuuona, si Kigoma, si Dodoma, na nimetafuta.

Nikueleze zilivyokuwa. Zilikuwa ndogo, nyeusi kwa nje kama macho ya mbuzi, ganda nene, mbegu tele. Zabibu nyingi nyekundu ukizipasua ndani ni nyeupe. Hizi zilikuwa nyekundu mpaka kwenye nyama yake. Ukila unatiwa alama. Tulikwenda shule na vidole vya rangi ya damu, na mwalimu wetu wa darasa la tatu, mwanamama mkali asiyependa utani, alituamuru tukanawe, tukanawa, tukarudi vilevile. Siku ya kwanza alituchapa. Siku ya pili alinifuata nyumbani kuhakikisha, bibi akamwekea sahani, na wiki nzima iliyofuata mwalimu mwenyewe alishika chaki kwa vidole vyekundu. Hatukuchapwa tena.

Utamu wake haukuja mbio. Kwanza ulikuwa ukali uliokukunja uso, kisha unatulia, na baada ya kumeza ndipo utamu unakuja nyuma, polepole, kama mgeni aliyekuwa anavua viatu mlangoni. Watoto wa mjini walizitema. Sisi tulijua kusubiri.

Jina la Mkaidi lilitoka kwa bibi wa jirani. Huyu alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani wa Ujiji, mtu wa udi na kanga zilizopigwa pasi, ambaye uani kwake na kwetu kulitenganishwa na ua wa matete tu. Mzabibu ulipokuwa mchanga ulikataa kuzaa. Mvua zikija, unaota majani. Kiangazi kikija, unaota majani. Bibi wa jirani alikuwa akiuchungulia kila siku na kusema, "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Basi mwaka mmoja, wiki ileile ya Idi, vishada vikaiva kwa pamoja, na nusu yake vilikuwa vimeshavuka ua vinaning'inia upande wake. Alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi. Tangu siku hiyo mti ukawa Mkaidi, na wenyewe ulilistahili jina.

Upande wetu zabibu ziligeuka divai. Bibi aliziponda kwa mikono ndani ya beseni, akatukataza kabisa kuzikanyaga. "Miguu iliyokanyaga matope haikanyagi divai," alisema. Zikaenda mtungini, kwenye chumba cha giza, zikafunikwa kitambaa, na kwa siku kadhaa chumba kile kilinong'ona chenyewe. Chupa moja ilipelekwa kwa paroko kila Krismasi. Sijui kama iliwahi kufika altareni, ninachojua ni kwamba haikuwahi kurudi. Upande wa pili wa ua, bibi wa jirani alizianika juu ya jamvi, jirani na dagaa wake, akazitia kwenye pilau ya Idi. Zilikuwa na harufu kidogo ya dagaa. Mpaka leo nikila zabibu kavu za dukani nahisi zimepungukiwa.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, wa kuku. Bibi aliyamwaga makapi ya mtungini nyuma ya jiko, kuku wakavuka ua wakayala, na jioni jogoo wa jirani akaonekana anatembea upande upande, anawika kabla ya Magharibi.

"Jirani!" bibi wa jirani akaita. "Jogoo wangu wa Kiislamu mmemfanya nini?"

"Nimemkaribisha nani?" bibi akamjibu. "Kaja mwenyewe kwa miguu yake."

Walicheka mpaka wakashikilia ua, ua ukalala.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam. Mjomba alikuwa mtoto wa kiume pekee wa bibi, mtu wa bidii, na ninataka umwelewe vizuri: hakuwa mbaya. Alimwonea mama yake huruma kulala kwenye nyumba ya udongo. Alitaka kumjengea nyumba ya tofali za saruji, yenye vyumba vya mbele vya kupangisha ili bibi awe na chake. Alikuja na mchoro, akapigilia vigingi, akavuta kamba. Kamba ilipita katikati ya shina la Mkaidi.

"Mama, huu inabidi utoke," alisema.

Bibi alikuwa anapepeta. Hakuinua hata kichwa. "Oya," akasema, na kwa Kiha hiyo ni hapana, haina mkia.

"Mama, ni mti tu. Tena hata zabibu zenyewe ni kali. Nitakuletea za Dodoma, tamu, kubwa hivi."

"Oya."

"Sasa nyumba itapita wapi?"

"Nyumba ndiyo mgeni hapa. Mgeni huuliza njia."

Yaliishia hapo, au mimi nilidhani yameishia hapo. Siku chache baadaye zikaja habari kwamba dada yake bibi amefariki Kagunga. Bibi alifunga nguo zake kwenye kanga akapanda boti kwenda matangani. Alipoondoka alinishika kidevu akaniambia, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, "mwagilia."

Nilimwagilia. Asubuhi moja nimesimama na ndoo, mjomba akatoka na mafundi wawili na shoka. Ilikuwa kiangazi, vishada vimeanza kubadilika rangi. Nilimwambia mjomba bibi hajaruhusu. Akaniambia kwa upole niende ndani. Sikwenda. Nilikimbia kwa jirani nikiwa na ndoo yangu, maji yanamwagika njia nzima, nikamkuta bibi wa jirani ametandika mkeka anachambua choroko.

Alikuja bila viatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona nje bila viatu.

"Mwanangu," alimwambia mjomba, "huo mti unajua nani aliupanda?"

"Shikamoo mama. Najua. Lakini hii ni kazi ya familia."

"Marahaba. Na mimi ni nani kwenye familia hiyo? Ulipougua surua ulilala kwangu, si kwa mama yako. Mtu aliyenitapikia mgongoni leo ananiambia mambo ya familia?"

Mafundi wakatazama chini. Mjomba akalichukua shoka mwenyewe, kwa sababu mafundi walikuwa hawataki, akakata. Haikuchukua muda. Mti ule ulikuwa na shina nene kama paja langu, lakini ndani ulikuwa laini kuliko tulivyodhani. Kichanja kizima kilishuka kwa sauti ya mvua. Jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu nizaliwe, na nyumba ya bibi ikaonekana ilivyo: ndogo, chakavu, imeduwaa.

Bibi wa jirani alivikusanya vile vishada, vilivyoiva na visivyoiva, akaviweka kwenye kanga yake ya juu, akaenda navyo kwake. Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi.

Bibi alirudi baada ya tanga. Nilikwenda kumpokea kwenye boti na sikuweza kumwambia, lakini njiani watu walimpa pole mbili, na alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alifika, akasimama mbele ya kile kisiki. Kilikuwa kinatoa maji, kama mizabibu inavyofanya ikikatwa. Aligusa yale maji kwa kidole, akajipaka kwenye paji la uso. Mjomba alikuwa amesimama pembeni ameandaa maneno yake.

"Mama, nisikilize..."

"Niletee kigoda," bibi akaniambia.

Nikamletea. Akakiweka juu ya ile kamba ya ujenzi, pembeni ya kisiki, akaketi.

Asubuhi mafundi walipokuja kuchimba msingi walimkuta. Akawasalimu vizuri, akawauliza hali za watoto, hakusogea. Mchana alipika palepale. Aliomba rozari palepale. Jua lilipokuwa kali nilimshikia mwavuli, na siku ya pili yake bibi wa jirani akaja na mkeka, na tasbihi yake, na birika la chai ya tangawizi, akaketi upande wa pili wa kisiki. Hawakupiga kelele. Hawakumtukana mtu. Walikuwa wanawake wawili wazima wanaongea habari za bei ya mawese na nani kaolewa wapi, na katikati yao kisiki, na msingi ukawa haupiti.

Mjomba alifoka. Kisha akabembeleza. Akaleta mzee wa mtaa, mzee wa mtaa akapewa chai, akaondoka ameshiba. Akamleta mwalimu wa madrasa ili amwondoe walau yule wa kwake. Nakumbuka maneno ya mwalimu wa madrasa kwa sababu aliyasema akiwa amechuchumaa, anakikagua kisiki kama daktari.

"Zabibu ni tunda la neema," alisema. "Atakayeligeuza kilevi ana hesabu yake na Mola wake. Mti haujamkosea mtu."

"Lakini mwalimu, wanazuia ujenzi!"

"Mimi nawaona wanakunywa chai," akajibu, akasimama, akajipangusa kanzu.

Watu walianza kupita makusudi kuja kuwaona. Wavuvi wakitoka ufukweni waliwarushia salamu na mara nyingine mgebuka wa kuchoma. Mafundi walichoka kukaa bure, wakaanza kumtengenezea bibi kichanja kipya, bila kuambiwa, kwa mianzi ileile iliyoanguka.

Chipukizi lilitokea ubavuni mwa kisiki, chini kabisa, karibu na udongo. Lilikuwa jekundu, dogo kama ulimi wa mjusi. Mimi ndiye niliyeliona. Nilipiga ukelele, bibi akainama, bibi wa jirani akavaa miwani. Walitazamana.

"Mkaidi!" bibi wa jirani akasema, na vigelegele vyake siku ile vilifika mpaka sokoni.

Mjomba alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. Hakulia wala hakuomba radhi kwa maneno, hakuwa mtu wa hivyo. Alilitazama lile chipukizi kwa muda, halafu akaenda kung'oa kigingi kimoja, akakisogeza. Akasogeza kamba. Nyumba ikajengwa, lakini ukuta wa mbele ulifika pale ukaingia ndani, ukazunguka, ukatoka tena. Wapangaji waliopanga chumba kile walilalamika kwamba kitanda hakikai sawa. Bibi aliwaambia wageuze kitanda.

Mkaidi ulizaa tena baada ya miaka miwili, na ukaendelea kuzaa nikamaliza shule, nikaolewa, nikahamia Dodoma. Bibi wa jirani alitangulia, bibi akamfuata. Mjomba alistaafu akarudi Ujiji, na huyo mjomba aliyeshika shoka ndiye aliyekuwa akiupogoa kila mvua zinapokwisha, kwa uangalifu wa mtu anayekata kucha za mtoto. Hata mtungi alijifunza kuutumia, ingawa divai yake, Mungu amsamehe, ilikuwa siki.

Kisha ziwa likapanda. Wewe uliyeko mbali huenda ulisikia kwa mbali, lakini sisi tulipigiwa simu. Halikuja kwa kishindo. Lilipanda kama mtu anayesogeza kiti, leo kidogo, kesho kidogo, likala njia ya ufukweni, likala vichanja vya dagaa, likaingia uani. Mjomba alipanga viroba vya mchanga kuzunguka mzabibu kabla hajavipanga mlangoni. Majirani walimwona kama amerukwa na akili. Majani yakawa ya njano, mizizi ikaozea majini, na mti uliolikataa shoka ukaondoka bila kelele. Mjomba alinipigia simu akasema neno moja, "Umekufa," na sikumuuliza nani.

Nilijaribu vijiti vyake Dodoma, miaka kabla ya hapo, mara mbili. Vilikataa. Dodoma ni nzuri kwa zabibu zote isipokuwa ile. Rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa kilimo, nilimweleza sifa zake zote, ganda, mbegu, nyama nyekundu, akatikisa kichwa. Aina isiyo na jina, alisema, kwenye kazi yao huhesabiwa kuwa haipo. Nilimwambia ilikuwa na jina. Nilimtajia. Alitabasamu kwa adabu.

Sasa hivi mjomba amepanga chumba Katubuka, mbali na maji. Nilimkuta amekaa nje na redio, amepungua mwili. Alizila zabibu za Dodoma nilizompelekea, akasema ni tamu, akasema tena ni tamu mno, akafunika boksi. Jioni tulikwenda Ujiji, tukasimama kwenye mchanga mpya. Watoto wanaogelea pale tulipomenyea muhogo. Wavuvi wanafunga mitumbwi pale bibi alipoweka kigoda. Kijana mmoja wa pale, mpole, alitusikia tukizungumza, akatupa pole, akasema kama watu wasemavyo, "Lakini wazee wangu, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni mtu mwenye adabu.

Mimi sikuitikia. Nimelisikia neno hilo misibani, harusini, ofisini, kila mahali watu wanapotaka upesi kuondoka kwenye jambo. Kwa mengine nalikubali. Kwa hili nakataa. Kulikuwa na zabibu nyekundu Ujiji, nyekundu mpaka moyoni, na wanawake wawili waliikalia ardhi yake mpaka ukuta ukapinda. Hayo yamepita, ndiyo. Lakini ni ndwele yangu, na dawa siitaki.